Yale mawe ya Namoratunga njia ya Kalokol: kalenda, kaburi ama ni alama za ng'ombe?

Mtaa_wa_Nyuma
Niaje wasee. Nilikuwa Turkana kikazi, tulienda kufunga sola kwa zahanati moja, siku ya kurudi dere akatupitisha Kalokol tununue samaki. Sasa kabla ufike Kalokol ukitoka Lodwar, kando ya barabara kabisa, kuna mawe yamesimamishwa wima, nimehesabu 19. Hakuna kupanda mlima hakuna kutembea kwa mchanga, ukifungua mlango wa gari umefika, hata mathe wangu na yale magoti yake angefika. Mawe ni ya ile rangi ya kahawia iliyoungua, yana pande pande kama penseli, mengine yameinama huku mengine kule, na juu yake kuna vijiwe vidogo vimewekwa na mikono ya watu. Dere akasema walikuwa watu wanacheza ngoma, wakamcheka pepo, wakageuzwa mawe hapo hapo. Jamaa mwingine kwa gari akasema wacha hizo, ni kalenda ya nyota ya watu wa kale. Wakabishana hadi Lodwar.

Mimi naona ni kalenda. Hakuna mtu anaweza sumbuka na mawe mazito hivo kwa hilo jua bila sababu. Halafu swali la pili, nimesikia Namoratunga kuna michoro ya kale kwa mawe, nimezunguka kila jiwe na sijaona mchoro hata mmoja. Iko wapi?

Fundi_Umoja
Umeenda kufunga sola ukarudi mtaalam wa nyota. Samaki ulituletea?

Ekai_Lodwar
Karibu tena kwetu. Umechanganya vitu viwili lakini si makosa yako, kila mtu huchanganya. Namoratunga ziko mbili. Hiyo uliona ya Kalokol ni nguzo tu. Yenye michoro iko Lokori, kusini huko karibu na mto Kerio, unatoka Lodwar unashuka hadi Lokichar halafu unakata mashariki. Huko ni makaburi, mduara wa mawe bapa yamesimamishwa na mengine yamechongwa alama. Kwa hivyo ulikuwa unatafuta kitu hakiko hapo.

Vijiwe vya juu ni sisi. Ukipita unaweka kimoja upate baraka. Mimi nimeweka tangu nikiwa mdogo nikienda kwa mjomba Kalokol na sijawahi kuambiwa sababu, unaona mkubwa ameweka na wewe unaweka.

Mtaa_wa_Nyuma
Asante Ekai. Sasa nani amechonga hizo za Lokori? Waturkana?

Ekai_Lodwar
Hapana. Sisi wenyewe tulitoka upande wa Karamoja, Uganda, tukakuta hayo mawe. Ndio maana tuna hadithi ya wachezaji ngoma. Ukikuta kitu na hujui mwenyewe lazima utafute hadithi.

MwalimuJio
Jamani hii mada naipenda, nimefundisha jiografia na historia miaka mingi, wacha niandike kidogo.

Hiyo habari ya kalenda ina chimbuko lake. Mwaka 1978 watafiti wawili, Lynch na Robbins, walichapisha makala kwa jarida la Science wakisema nguzo 19 za Kalokol zimepangwa zielekee mahali ambapo nyota flani zilikuwa zinachomoza kama miaka 300 kabla ya Kristo. Nyota zenyewe ni saba ama makundi saba, Kilimia imo, Aldebaran imo, Orion, Sirius na zingine. Kwa nini hizo? Kwa sababu ndizo Waborana wanatumia kwa kalenda yao hadi leo. Kwa hivyo wakasema waliojenga ni Wakushi wa kale, ndugu za Waborana. Dunia nzima ikashika hiyo stori, na ndio huyo jamaa kwa gari amesoma.

LAKINI. 1982 Robert Soper akarudi kupima. Akakuta hizo nguzo ni za basalti na zina sumaku ndani yake. Ukiweka dira karibu na jiwe lenye sumaku sindano inavutwa, inakudanganya. Kwa hivyo vipimo vya kwanza vilikuwa na kasoro. Halafu 1986 Laurance Doyle naye akapiga hesabu upya, akasema hio kalenda ya Borana inafaa ieleweke kwa njia nyingine na wazo la nyota bado lisitupwe. Kwa hivyo ukiniuliza ni kalenda ama si kalenda, nakuambia makala ziko pande zote.

Fundi_Umoja
Yani mtu ametoka Marekani na dira amepima jiwe la sumaku. Mimi fundi wa mabati hiyo siwezi fanya.

MwalimuJio
@Fundi_Umoja wacha dharau, wewe ungejua aje jiwe lina sumaku kwa kuliangalia?

Guyo_wa_Marsabit
Nimefika kwa uzi nimechelewa lakini hapo kwa kalenda niko na neno. Kwetu wako wazee wanaitwa ayyaantu, hao ndio wanajua siku. Mwaka wetu una miezi 12, siku kama 354, unafuata mwezi mwandamo na nyota sio jua. Siku zina majina 27, zikiisha unarudi mwanzo, na kwa vile mwezi una siku 29 na nusu hivi, jina la siku halikai tarehe moja. Mzee anaangalia mwezi umelala karibu na nyota gani, anakuambia ni mwezi gani na siku gani, na hii siku si ya kupeleka ng'ombe kwa kisima.

Sasa shida yangu na hio nadharia ni hii. Huyo mzee HATUMII JIWE. Nimekaa na mmoja boma la jamaa zetu upande wa Sololo, anatoka nje usiku kukojoa akirudi anajua tarehe. Nguzo 19 za nini? Kama babu zetu ndio walijenga mbona huku Marsabit na Moyale hatujengi?

Mtaa_wa_Nyuma
@Guyo labda zamani walihitaji mawe, baadaye wakashika kwa kichwa?

Guyo_wa_Marsabit
Labda. Na labda mtu alisikia Waborana wana kalenda akatafuta mawe ya kuweka hio kalenda.

Chokoraa_Msomi
Hapo Guyo umepiga msumari.

Mfupa_wa_Makumbusho
Salaam. Nimewahi fanya kazi ya kuchambua udongo na wachimbaji upande wa Turkana kwa hivyo nitasema yale ambayo yamechapishwa, sitaki kelele.

Mnazungumza kalenda mkisahau chini kuna nini. Kando ya Ziwa Turkana kuna maeneo kadhaa ya nguzo, Kalokol ni moja tu. Lililochimbwa vizuri ni Lothagam Kaskazini. Matokeo yalitoka 2018, kikundi cha Elisabeth Hildebrand. Hapo ni kaburi. Jukwaa la mawe la upana wa mita 30 hivi, katikati kuna shimo kubwa, na walikadiria watu wasiopungua 580 wamezikwa ndani. Wanaume, wanawake, watoto, wazee, wote pamoja, na karibu kila mmoja ana mapambo yake, shanga za mawe ya rangi. Hakuna kaburi la mkubwa pembeni na la maskini pembeni. Halafu wakamaliza, wakafunika, wakasimamisha nguzo juu.

Umri ni miaka kama 5,000 hadi 4,300 iliyopita. Hao ndio wafugaji wa kwanza kwa hiyo sehemu. Wakati huo mvua ilikuwa inapungua na ziwa linarudi nyuma kwa kasi, wanaingia na mbuzi na ng'ombe kwa nchi inayokauka. Kwa hivyo hio 300 kabla ya Kristo ya nyota imepitwa na zaidi ya miaka elfu mbili, na ukirudisha saa nyuma hivo hata nyota hazichomozi pale pale.

MwalimuJio
@Mfupa hapo umenisaidia, lakini hebu tuweke sawa. 300 kabla ya Kristo ilitoka kwa makaburi ya Lokori sio kwa nguzo za Kalokol. Walipima Lokori wakaipa Kalokol hio hio tarehe kwa sababu waliona zinafanana. Kama ni mahali pawili tofauti, watu tofauti, basi makaburi ya Lokori yanaweza kubaki na tarehe yake na Kalokol ikaenda na Lothagam.

Mfupa_wa_Makumbusho
Sawa kabisa. Ila jina limezifunga pamoja na sasa ni vigumu kuzitenganisha kwa kichwa cha watu.

Fundi_Umoja
Watu 580 wote na mapambo na hakuna tajiri. Hii Kenya gani hio

Mama_Tina_Pipeline
🤣🤣 Kabla ya kaunti

KangundoRoad_Mzee
Vijana mmenikumbusha mbali. Mimi nimefanya kazi Kalokol enzi za Wanorwei. Hamjui? Norad, shirika lao la misaada, walijenga kiwanda cha samaki pale mwanzo wa miaka ya 80, cha kugandisha, mtambo mzuri kabisa. Halafu ziwa likarudi nyuma, ile ghuba ya Ferguson ikakauka, samaki hakuna, na umeme wa kugandisha samaki kwa joto la Turkana ni gharama ya kutisha. Kikafa. Lakini hio lami ya Lodwar kwenda Kalokol mnayojisifu nayo mmefungua mlango mmefika, ilitoka kwa hio hio hesabu ya samaki.

Hayo mawe tulikuwa tunapita nayo kila wikendi kwenda Lodwar na hakuna mtu alikuwa anasimama. Mzungu mmoja tu alikuwa anasimama anapiga picha. Sisi tulikuwa tunaona mawe.

Mtaa_wa_Nyuma
Mzee shikamoo. Kwa hivyo ziwa lilirudi nyuma miaka 5,000 iliyopita watu wakajenga nguzo, likarudi nyuma tena miaka ya 80 kiwanda kikafa

KangundoRoad_Mzee
Marahaba. Nguzo bado zimesimama.

Lokwang_EastMtaa
Turudi kwa michoro. Mimi ni wa Lokori kabisa, nimezaliwa upande ule. Nimeona hizo alama kwa mawe tangu nikichunga. Kuna duara yenye mstari katikati, kuna mistari kama mguu wa kuku, kuna zile za kupinda kama ndoano. Sasa mimi niwaambie kitu ambacho hamhitaji profesa. Hizo ni alama za mifugo. Kwetu kila ukoo una emachar yake, yaani chapa, unachukua chuma unatia kwa moto hadi kiwe chekundu, unachora kwa ngozi ya ng'ombe, ngamia ama punda. Ng'ombe akiibiwa akipatikana mbali mtu anasoma ubavuni anajua ni wa nani. Siku moja nilikuwa na babu yangu kwa hayo makaburi akaonyesha jiwe na fimbo akasema hii ni ya watu wa ukoo flani, akaenda ingine, hii siijui, ingine, hii ni ya wale. Alikuwa anasoma tu.

MwalimuJio
@Lokwang hao hao Lynch na Robbins walisema hivyo hivyo! 1977, mwaka mmoja kabla ya ile ya nyota, waliandika kwamba alama za miamba ya huko zinalingana na chapa za mifugo za sasa. Ajabu ni kwamba hii ndio makala bora na hakuna mtu anaijua, kila mtu anakumbuka nyota.

Guyo_wa_Marsabit
Nyota inauza.

Mfupa_wa_Makumbusho
Mimi niko na wasiwasi mmoja. Kufanana si ushahidi. Duara na mstari ukimpa mtoto yeyote makaa atachora. Pili, kaburi linaweza kuwa la zamani na alama ikawa ya juzi, mchungaji amepumzika kwa kivuli cha jiwe ana kijiwe kigumu mkononi na ana siku nzima. Michongo ni ngumu sana kujua umri, huwezi pima jiwe ukajua lilichongwa lini, unaweza angalia tu kama mchongo umerudi rangi ya jiwe ama bado mweupe.

Lokwang_EastMtaa
@Mfupa nakubali wachungaji wanachonga, hata mimi nimechonga 😅. Lakini yangu ni nyeupe hadi leo. Zile za makaburi zimekuwa nyeusi kabisa sawa na jiwe, ukiziangalia saa sita mchana hata huzioni, mpaka jua liwe limelala asubuhi ama jioni ndio kivuli kinaingia kwa mchongo zinatokea. @Mtaa_wa_Nyuma ukienda, nenda saa kumi na mbili asubuhi. Ukienda saa saba utarudi ukisema hakuna kitu.

Mama_Tina_Pipeline
Wewe Lokwang ulichonga nini?

Lokwang_EastMtaa
Jina la dem. Tuendelee.

Shukri_SectionTatu
Asalaam aleikum wasee. Mnajadili wafugaji wa miaka 5,000 bila kutaja Laas Geel? Iko Somaliland, ukitoka Hargeisa njia ya Berbera, saa moja hivi na gari halafu unakata kidogo. Nimeenda na binamu yangu tukitembelea jamaa. Unachukua kibali mjini na askari wa kuandamana nawe, unapanda kilima kidogo, na hapo kwa mapango ya wazi unakuta ng'ombe. Rangi nyekundu, nyeupe, manjano, ng'ombe wana shingo pana zimepambwa mistari mistari, pembe ndefu, chini ya tumbo la ng'ombe mtu mdogo amesimama mikono amefungua. Mbwa yuko. Wafaransa walifika 2002 kikundi cha Xavier Gutherz ndio dunia ikajua, wenyeji walikuwa wanajua zamani ila walisema ni mambo ya majini wakae mbali.

Kitu kilinishangaza hakuna NGAMIA. Nchi yetu yote ni ngamia na babu zetu hawakuchora hata mmoja, kwa sababu ngamia walikuwa hawajafika. Wakati huo kulikuwa na nyasi za ng'ombe hapo.

Sasa swali langu kwa watu wa Turkana. Wafugaji wale wa Laas Geel walimpenda ng'ombe wakamchora mzima na shanga zake. Wenu mbona wameandika alama tu bila ng'ombe?

Chokoraa_Msomi
Swali zuri kuliko yote kwa huu uzi

Ekai_Lodwar
@Shukri kwa sababu alama ndio ng'ombe. Picha ya ng'ombe ni ng'ombe yeyote. Alama ni ng'ombe wangu.

Mfupa_wa_Makumbusho
Pia mwamba wenyewe. Laas Geel wana paa, rangi inakaa. Lokori mawe yako nje kwa jua, rangi ingekwisha. Labda walipaka na imekwisha, tumebakiwa na michongo. Na sio kwamba Turkana hakuna wanyama, kuna miamba ya huko ziwani yenye twiga wamechongwa.

Shukri_SectionTatu
Hio ya Ekai naipenda zaidi lakini ya Mfupa ndio inaweza kuwa kweli 😂

Kondoa_Asilia
Wakuu habari za huko. Mie ni mtani wenu wa Dodoma. Mnasumbuka na mawe yasiyo na picha wakati Kondoa tuna michoro mapango zaidi ya mia na UNESCO walishaiweka kwenye urithi wa dunia tangu 2006. Njooni Kolo muone, nyekundu kabisa, watu wembamba na nywele zao. Na pale Mongomi wa Kolo wenyeji mpaka leo wanaenda kutambika, mvua na maradhi. Kwa hiyo mnapouliza "ni ya nini", kwetu mahali bado panafanya kazi.

Fundi_Umoja
Tulijua mtakuja tu. Uzi haujafika komenti hamsini Mtanzania ameingia na UNESCO.

Kondoa_Asilia
Hahaha ni kweli au si kweli?

Binti_Mfangano
Ni kweli lakini hata sisi tunayo. Mfangano kisiwani kuna Kwitone na Mawanga, miduara ndani ya miduara, nyekundu na nyeupe, inasemwa ni ya Watwa waliokuwa kabla yetu. Wazee wa Suba waliihusisha na mvua. Na Kakapel kule Busia kwa Wateso ilitangazwa urithi wa taifa 2004. Hawa TARA wako hapa hapa Nairobi, tangu 1996, kazi yao ni kupiga picha michoro ya Afrika nzima, David Coulson ndiye mwanzilishi.

Ombi tu, mkienda popote msimwage maji kwa mchoro ili picha itoke kali. Nimeona mgeni amefanya hivo na kijana wa kuongoza amenyamaza kwa sababu anaogopa kukosa bakshishi. Nilimwambia yule mgeni maneno ambayo siwezi andika hapa.

Mama_Tina_Pipeline
Andika binti andika

Chokoraa_Msomi
Mimi sasa niko na nadharia ya nne. Kalokol si kalenda, si wachezaji, hata kaburi si lengo. Ni kituo. Nchi inakauka, watu wako mbali mbali wanafuata nyasi, mnahitaji mahali pa kukutana kila baada ya muda, mzike, muoane, mgawane mbuzi. Ukiweka mawe marefu kwa nchi tambarare yanaonekana kutoka mbali. Kama vile watu wa Nairobi tunasema tupatane Kencom.

Mfupa_wa_Makumbusho
Utacheka lakini wachimbaji wa Lothagam wamesema kitu cha karibu na hicho, kwamba kujenga pamoja ndio kuliwashikanisha watu waliotawanyika. Kencom hawakutaja.

Guyo_wa_Marsabit
Na kama watu walikuwa wanakutana, walijuaje siku ya kukutana? Kwa nyota. Tumerudi hapo hapo.

MwalimuJio
@Guyo si wewe ulikuwa unapinga?

Guyo_wa_Marsabit
Napinga jiwe, sipingi nyota.

Ekai_Lodwar
Mambo ya anga kwetu msijaribu. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa, Turkana ndio ilikuwa mahali pa kuonea, watu wakaja na ndege hadi Sibiloi na miwani yao. Dakika ile yenyewe dhoruba ya vumbi ikafunika kila kitu. Waliolipa pesa nyingi waliona vumbi.

Fundi_Umoja
Yule pepo alichekwa bado ana hasira.

Mtaa_wa_Nyuma
Sawa wasee, nataka kupanga kurudi, safari hii niende Lokori pia. Njia ikoje? Wilson kuna ndege za Lodwar najua, lakini mfuko haujakubali, nafikiria basi la Kitale halafu Lodwar.

Lokwang_EastMtaa
Basi ni sawa, lami ya Lodwar imekuwa nzuri kuliko zamani. Usijaribu kukata kupitia Kapedo eti ni karibu kutoka Baringo, huko usalama unabadilika wiki hadi wiki, zunguka Lokichar. Ukifika Lokori ongea na chifu kwanza, uchukue kijana wa pale akuongoze, umlipe vizuri. Maji beba mengi kuliko unavyofikiria. Hayo ni makaburi, usikanyage katikati ya duara.

Mtaa_wa_Nyuma
Poa sana. Na Kalokol nitajaribu kupima hizo nguzo mwenyewe na dira ya simu, nione kama zinaelekea Kilimia.

MwalimuJio
Kijana umesoma huu uzi kweli? Dira ya simu nayo ni sumaku. Ukiiweka karibu na nguzo itacheza vile vile ilimchezea Lynch. Tumia jua. Simamisha fimbo mbali na mawe, weka alama kivuli asubuhi na tena jioni vikiwa urefu sawa, gawanya katikati, hapo umepata kaskazini ya kweli bila sumaku.

Fundi_Umoja
Sasa si hapo utakuwa umesimamisha nguzo ya ishirini.

Ekai_Lodwar
Akiondoka aing'oe. Tutaanza kuwekea vijiwe.